Dawa Mkononi, Mzigo Moyoni

(Haya ni maneno tuliyosema mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika semina ya siku moja. Vikundi kadhaa viliomba yaandikwe ili yasomewe wale ambao hawakufika. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa.)



Akina mama, wazee wetu, ndugu na dada, na nyinyi vijana ambao leo mmekuja wengi kuliko tulivyotarajia, karibuni. Tunajua mvua imeanza na kila mtu ana shamba linalomngoja. Kwa hivyo hatutazunguka sana.

Barua ya mwaliko ilisema tutazungumza juu ya UKIMWI. Tuliwasikia wengine pale mlangoni mkiulizana, "Tena UKIMWI? Si hayo tuliyamaliza?" Hilo ni swali zuri, na tutaanza nalo.

Ni kweli tumetoka mbali. Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI hapa Kenya alitambuliwa mwaka 1984. Mwaka 1999 serikali ilitangaza ugonjwa huu kuwa janga la kitaifa. Wale wenye umri kama wetu mnakumbuka miaka ile. Jumamosi moja tulikuwa na mazishi matatu, na Jumamosi iliyofuata tena matatu. Vikundi vingi vilivyoko hapa vilianza wakati huo, kwa kuchangia majeneza na kulisha mayatima. Kisha, kuanzia mwaka 2006, dawa za kupunguza makali zikatolewa bure katika hospitali za serikali. Watu waliokuwa wamelazwa kwenye mkeka wakiagwa waliamka wakarudi shambani. Leo zaidi ya watu milioni 1 Kenya wanaishi na virusi, na wengi wao wanameza dawa kila siku. Tunajua pia kwamba mtu anayemeza dawa vizuri hadi virusi visionekane tena kwenye kipimo hawezi kumwambukiza mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Hiyo ni baraka kubwa.

Lakini kuna jambo moja tuliliacha nyuma. Tuliutibu mwili, tukausahau moyo. Hilo ndilo limetuleta hapa leo.

TULIVYOKOSEA SISI WENYEWE

Tutaanza na kosa letu, maana mwalimu asiyekubali kosa lake hafundishi mtu.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukimtembelea mama mmoja wa kikundi fulani. Jina hatulitaji, na yeye mwenyewe ameturuhusu tusimulie. Alikuwa ametumia dawa miaka mitano bila shida. Kisha akaanza kukosa siku zake za kliniki. Tulienda kwake, tukaomba kuona kopo la dawa, tukahesabu vidonge. Vilikuwa vimebaki vingi sana. Tukamuuliza, "Mama, kwa nini humezi dawa?" Akanyamaza. Tukamweleza tena umuhimu wa dawa, kama tulivyofundishwa. Akaitikia, "Nimesikia." Katika daftari letu tukaandika, "Haelewi. Aelimishwe zaidi."

Mara ya pili tukakuta shamba lake halijapaliliwa. Mahindi yalikuwa yamemezwa na magugu. Kuku walikuwa wakitembea ndani ya nyumba. Yeye alikuwa ameketi karibu na jiko ambalo halikuwa na moto. Tukamwambia, "Jipe moyo, mama. Omba sana." Tukaomba pamoja naye, tukaenda zetu. Kule kliniki nako walimgombeza mbele ya watu, kwamba anapoteza dawa za serikali.

Wiki tatu baadaye alikunywa dawa ya kunyunyizia mboga. Jirani aliyekwenda kuazima kiberiti ndiye aliyemkuta. Wakambeba kwa bodaboda, katikati ya watu wawili, na Mungu akasaidia akafika hospitali akiwa hai. Pale hospitali familia ilisema alidhani ni chupa ya dawa ya kikohozi. Walisema hivyo kwa kuogopa polisi, kwa sababu wakati huo kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai, na mtu angeweza kufungwa.

Alipopata nafuu, muuguzi mmoja aliketi naye, akamuuliza swali ambalo sisi hatukuwahi kumuuliza: "Mama, moyo wako ukoje?" Mama akalia karibu saa nzima. Kisha akasema. Binti yake wa kwanza alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Tangu siku hiyo hakulala usiku. Kila alipofungua kopo la dawa alijiuliza, "Ninajiongezea siku za nini?" Dawa alizielewa vizuri kabisa. Kilichompotea kilikuwa sababu ya kuzimeza.

Ndugu zetu, tulihesabu vidonge, machozi hatukuyahesabu. Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Ni sawa, uji mpe tu. Lakini habari za moyo wake lazima umuulize, kwa sababu huwezi kuziona kwa macho.

Mama huyo yuko hai. Ni mweka hazina wa kikundi chake. Lakini tunaye mwingine, baba mmoja fundi seremala, ambaye hatukumuuliza kwa wakati. Yeye aliacha dawa na kuingia kwenye chang'aa, na sisi sote tukasema, "Ni ulevi tu." Tulimzika. Hatuwezi kujua kama swali moja lingemwokoa. Tunachojua ni kwamba hakuna aliyeliuliza.

UGONJWA HUU NI UGONJWA

Sasa hebu tuelewane. Huzuni si ugonjwa. Ukifiwa, utalia. Mvua ikikosa, utakuwa na mawazo. Hayo ni ya binadamu. Lakini iko huzuni nyingine nzito ambayo haiondoki. Inakaa wiki baada ya wiki, inamnyima mtu usingizi, inamwondolea hamu ya chakula na ya kazi, inamwambia kwamba hana maana. Wataalamu wengine wanaiita unyogovu, na huko Tanzania wanasema sonona. Sisi kijijini tunasema, "Fulani ana mawazo mengi." Jina lolote mtakalolitumia, jueni kwamba ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa. Hauletwi na uvivu, wala na upungufu wa imani. Na mara nyingi tunakimbilia kusema amerogwa, huku mgonjwa akizidi kudhoofika.

Kwa nini unawapata zaidi watu wenye virusi? Sababu zipo, na mnazijua:

1. Habari yenyewe ni nzito. Siku mtu anapoambiwa ana virusi, dunia yake inageuka.

2. Unyanyapaa. Yuko anayetengewa kikombe chake. Yuko aliyeachwa na mumewe, au kufukuzwa na wakwe.

3. Msiba. Wengi wamezika mume, mke, mtoto, dada, na hawakupata muda wa kulia.

4. Umaskini. Dawa ni bure, lakini nauli si bure, na chakula cha kumezea dawa si bure.

5. Mwili wenyewe. Virusi vinaweza kuingia kwenye ubongo na kuuathiri. Na dawa nyingine humletea mtu ndoto mbaya au kukosa usingizi. Likikupata hilo, mwambie daktari akubadilishie. Usiache dawa kimyakimya.

Ugonjwa wa moyo na ugonjwa wa mwili hushikana mikono. Mwenye huzuni nzito husahau dawa, au huziacha. Akiziacha, virusi vinaongezeka. Virusi vikiongezeka anaugua, na akiugua huzuni inazidi. Ni kama ng'ombe anayezunguka mti kwa kamba yake: kila akizunguka kamba inafupika. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani na shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na UKIMWI yalitoa mwongozo mwaka 2022, yakizihimiza nchi ziunganishe huduma za afya ya akili na huduma za UKIMWI. Maana yake ni hii: anapokwenda kuchukua dawa zake, aulizwe pia habari za moyo wake, siku hiyo hiyo, mahali hapo hapo, bila kutumwa mji mwingine kwa nauli asiyo nayo.

MASWALI MAWILI

Mtasema, "Sisi si madaktari. Tutajuaje?" Yako maswali mawili ambayo wahudumu wa afya hutumia katika nchi nyingi. Hayana gharama. Yashikeni.

La kwanza: Katika wiki mbili zilizopita, umekosa hamu au furaha ya kufanya mambo uliyozoea kufanya?

La pili: Katika wiki mbili hizo, umekuwa na huzuni, au kujiona umekata tamaa?

Akisema, "Ndiyo, siku nyingi," kwa swali moja au yote mawili, hujathibitisha kwamba ni mgonjwa. Umejua tu kwamba anahitaji kusikilizwa zaidi, na kwamba afaa kuonwa na mhudumu wa afya.

Na kuna swali la tatu ambalo watu huliogopa: "Umewahi kufikiri afadhali ufe, au kujidhuru?" Wengi wanadhani ukimuuliza hivyo utamtia wazo hilo kichwani. Si kweli. Wataalamu wamechunguza jambo hili, na wameona kwamba kuuliza kwa upole hakumsukumi mtu kujiua. Mara nyingi humpa nafuu, kwa sababu hatimaye yuko mtu anayethubutu kulitaja. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake. Ondoeni dawa za shamba, kamba na visu karibu naye, na mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Msiogope polisi kama familia ile ilivyoogopa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitoa uamuzi kwamba kifungu cha sheria kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa kinapingana na Katiba. Mtu wa namna hiyo anahitaji matibabu, si pingu.

NYANYA WA ZIMBABWE

Sasa tuwaeleze habari ya wenzetu, ili msidhani haya ni maneno ya vitabu tu.

Zimbabwe ilipigwa sana na UKIMWI, na madaktari wa akili kule walikuwa wachache mno. Mmoja wao, Dixon Chibanda, alikuwa na mgonjwa kijana aliyejiua. Mama wa kijana yule alipoulizwa kwa nini hawakumleta hospitali, alisema walikosa nauli ya basi. Neno hilo lilimkaa daktari moyoni. Akaona kwamba kumngoja mgonjwa hospitalini hakutoshi.

Mwaka 2006 akaanza katika mtaa wa Mbare, mjini Harare. Hakupewa madaktari, hakupewa wauguzi, wala chumba. Alipewa nyanya 14, wanawake wazee waliokuwa tayari wakihudumu katika afya ya jamii. Kwa kuwa ndani ya kliniki hapakuwa na nafasi, waliweka benchi nje. Mwanzoni lilipewa jina la benchi la afya ya akili, na watu hawakuja. Nani anataka kuonekana ameketi kwenye benchi la wenye akili mbovu? Wale nyanya ndio waliosema, "Badilisheni jina." Likaitwa benchi la urafiki. Watu wakaja.

Nyanya hawakutumia maneno makubwa. Kwa Kishona wana neno kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Neno hilo kila mtu analielewa. Kazi yao ina hatua tatu: kuifungua akili, kuinua, na kutia nguvu. Nyanya anasikiliza kwanza. Kisha mgonjwa anataja shida zake zote, na anachagua moja tu. Moja! Wanatafuta pamoja hatua ndogo ambayo mgonjwa mwenyewe anaweza kuichukua wiki hiyo. Wiki inayofuata anarudi kueleza ilivyokwenda. Nyanya hamwambii la kufanya. Anamsaidia kuona njia yake mwenyewe.

Je, inafanya kazi? Walipima. Matokeo yalitolewa mwaka 2016. Walichukua kliniki 24 za Harare na watu 573, na watu kama 4 katika kila 10 walikuwa na virusi. Baada ya miezi 6, miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida, karibu nusu bado walikuwa na dalili za unyogovu. Miongoni mwa walioketi na nyanya, walikuwa kama 14 katika kila 100. Tangu hapo mpango huo umefika nchi nyingine, zikiwemo Malawi na Zanzibar hapa jirani.

Na baada ya benchi kuna kikundi. Watu waliosaidiwa hukutana, wakasikilizana huku wakifuma mikoba kwa nyuzi za plastiki zilizotumika, na mikoba hiyo wanaiuza. Mnaona? Benchi linaishia kwenye kikundi cha kujisaidia. Sisi vikundi tayari tunavyo.

VIKUNDI VYA UGANDA

Habari ya pili ni ya karibu zaidi. Kaskazini mwa Uganda, katika wilaya za Gulu, Kitgum na Pader, watu walipata mapigo mawili: vita vya miaka mingi, na UKIMWI. Daktari wa akili wa Chuo Kikuu cha Makerere, Etheldreda Nakimuli-Mpungu, pamoja na wenzake, walitengeneza mpango wa vikundi kwa ajili ya watu wenye virusi na unyogovu. Waliowaongoza si madaktari. Ni wahudumu wa afya wa kijiji waliofundishwa kazi hiyo.

Wanaume walikuwa na vikundi vyao na wanawake vyao, ili kila mmoja aseme bila haya. Walikutana mara 8, wiki kwa wiki. Mwanzoni walijifunza ugonjwa huu ni nini. Kisha kila mtu alipewa nafasi ya kutoa lililo moyoni. Baadaye walijifunza namna ya kukabili mawazo mabaya na kutatua shida. Na mwishoni walijifunza nini? Walijifunza namna ya kujipatia riziki kwa miradi midogo. Kwa sababu waliona kwamba ukimfuta mtu machozi na kumrudisha kwenye njaa, machozi yatarudi.

Huko nako walipima, katika vituo vya afya 30, kwa watu 1,140. Nusu hivi walipata vikundi hivyo, na wengine walipata vikundi vya mafundisho ya UKIMWI tu. Baada ya miezi 6, kati ya waliofundishwa tu, 28 katika kila 100 walikuwa na unyogovu mkubwa. Kati ya waliopata vikundi vya kusaidiana, hawakufika 1 katika kila 100.

Tafadhalini lisikilizeni hilo vizuri. Kundi la kwanza lilipata elimu. La pili lilipata elimu, sikio, na jembe. Sisi katika daftari letu tuliandika, "Aelimishwe zaidi." Uganda inatufundisha kwamba elimu peke yake haikutosha.

TUFANYE NINI SISI

Hatungoji mradi wala gari la wafadhili. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini sisi ni vidole vingi. Tunapendekeza mambo sita.

1. Kila kikundi kichague watu wawili wa kusikiliza, mwanamke na mwanamume. Msichague msemaji hodari. Chagueni mtu ambaye siri ikiingia kwake haitoki. Tutawaombea nafasi ya mafunzo kwa maafisa wa afya wa kaunti.

2. Siri ilindwe. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2006 inakataza kutoa habari za mtu mwenye virusi bila ruhusa yake. Lakini hata bila sheria, kikundi kinachovujisha siri mara moja kimekufa. Ndiyo maana msianzishe "kikundi cha wagonjwa". Wazimbabwe walijifunza hilo kwa lile jina la benchi. Acheni kikundi kiwe cha kuku, cha mboga au cha mchango wa mzunguko, na mle ndani watu wasikilizane.

3. Wekeni mfuko wa nauli. Shilingi chache kila mkutano. Kijana yule wa Zimbabwe hakupungukiwa na dawa. Alipungukiwa na nauli.

4. Mwenzenu akikosa mikutano miwili, mtu aende nyumbani. Asiende kudai faini. Aende kuuliza hali, na aangalie: shamba limepaliliwa? Moto umewashwa? Watoto wamekula?

5. Fanyeni kazi na wahamasishaji wa afya ya jamii. Tangu mwaka 2023 serikali imewapa vifaa wahamasishaji kama 100,000 nchi nzima, nao hupita nyumba kwa nyumba. Waambieni wasiulize tu juu ya homa na shinikizo la damu.

6. Mjue mpaka wenu. Mtu anayesikia sauti zisizokuwepo, anayekataa chakula kabisa, anayetaka kujiua, au aliyepata kifafa, huyo ni wa hospitali mara moja. Ziko dawa za unyogovu, na mwenye virusi anaweza kuzitumia. Lakini akifika kwa daktari yeyote aseme dawa zote anazomeza. Kwa mfano, dawa moja ya kifafa iitwayo kabamazepini hupunguza nguvu ya dolutegraviri, ambayo wengi wenu mnaitumia sasa. Na miti shamba pia itajwe. Msifiche. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Juu ya maombi, tuseme neno moja, kwa kuwa tutaulizwa. Ombeni na mgonjwa, ndiyo. Lakini msimwambie atupe dawa ili kuonyesha imani. Na aliyejiua msimtukane kwenye mazishi yake. Kanisa linafundisha kwamba uchungu mkubwa wa nafsi unaweza kupunguza hatia ya mtu, na linawaombea hata hao.

TUDAI NINI

Vikundi havichukui nafasi ya serikali. Kuna jambo limebadilika ambalo lazima mlijue. Kwa miaka mingi, tangu mwaka 2003, fedha za Marekani zilibeba sehemu kubwa ya huduma za UKIMWI hapa kwetu. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa ghafla, na wafanyakazi wengi wa kliniki za UKIMWI walipoteza kazi. Wizara nayo ikaanza kuziingiza kliniki hizo ndani ya huduma za kawaida za wagonjwa wa nje.

Wengi mliogopa, na tunawaelewa. Mtu amezoea mshauri wake, sasa anapanga foleni na kijiji kizima. Lakini kama huduma zinapangwa upya, huu ndio wakati wa kusema: mkizichanganya, mchanganye na afya ya akili. Tangu mwaka 2013 afya iko mikononi mwa kaunti, na sheria inataka wananchi waulizwe maoni juu ya bajeti. Siku ya kutoa maoni ikitangazwa, msiwaachie wanasiasa. Nendeni na madai mafupi yanayoeleweka:

Kwanza, kila anayekuja kwa dawa za UKIMWI aulizwe yale maswali mawili. Pili, dawa za kawaida za unyogovu zisikose katika kituo cha afya. Tatu, pawe na mahali pa faragha pa kusema, hata kama ni benchi chini ya mwembe. Nne, muuguzi asimgombeze mgonjwa mbele ya watu.

Hilo la nne halihitaji hata shilingi moja.

NENO LA MWISHO

Juzi tulimuuliza yule mama mweka hazina, "Ungependa tuwaambie nini viongozi wa vikundi?" Alifikiri kidogo, akasema, "Waambieni wasiniulize kama nimemeza dawa. Waniulize kama nimelala. Nikiwa nimelala, dawa nitazimeza."

Basi, tukitoka hapa, kila mmoja wetu anaye mtu mmoja ambaye hajamwona kwa muda. Apite kwake kabla ya kufika nyumbani. Aketi. Aulize, kisha anyamaze, asikilize.



Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Katika kikundi chetu, nani amekosa mikutano hivi karibuni? Nani atakwenda kumwona, na lini?

2. Tunatumia maneno gani juu ya watu wenye shida za akili? Maneno gani tuyaache?

3. Wanaume wetu wanapata wapi nafasi ya kusema yaliyo moyoni, mbali na kilabu cha pombe?

4. Siri ikivuja katika kikundi chetu, tumekubaliana kufanya nini?

5. Mfuko wa nauli: kila mtu atatoa ngapi, na nani atautunza?